Gunia, Gorogoro na Pakiti: Pesa za Nyumba Huvujia Wapi?

Jumamosi asubuhi mtaani Langas, hapa Eldoret, mtoto wa miaka kama tisa anafika kwenye dirisha la duka akiwa na chupa ndogo ya plastiki na sarafu ya shilingi ishirini. Mwenye duka anamimina mafuta ya kupikia kutoka kwenye dumu hadi pale jicho lake lilipozoea, anafunga kifuniko, na mtoto anatimua mbio. Kabla ya saa nne amerudi mara mbili: kwanza kwa sukari ya robo, kisha kwa sabuni ya unga ya kile kipakiti kidogo kuliko vyote. Jioni atatumwa tena, unga wa ugali.

Hakuna alichonunua ambacho nyumba yao ingeweza kukikosa. Hakuna soda humo wala keki. Hata hivyo, ukishika kalamu utakuta kwamba kwa kila kijiko cha mafuta kilichoingia sufuriani, nyumba hiyo imelipa zaidi ya nyumba ya tajiri kule Elgon View.

Nimeanza na mtoto huyu kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu kubana matumizi mara nyingi huanza kwa lawama. Baba anamlaumu mama kwa sukari, mama anamlaumu baba kwa nyama choma ya Ijumaa, na wote wawili wanawalaumu vijana kwa bando za intaneti. Kila mtu anaambiwa ajinyime. Wiki mbili baadaye hakuna anayejinyima tena, na pesa bado hazitoshi. Nimekaa na vikundi vingi vya akina mama na wafanyakazi wa hapa mjini tukipiga hesabu za nyumba zao, na jambo ninalolikuta kila mara ni hili: gharama kubwa isiyo ya lazima haimo ndani ya kikapu. Imo katika namna kikapu kilivyojazwa, yaani kwa kipimo kidogo mno, katika msimu mbaya, na kwa pesa ya mkopo. Ukirekebisha mambo hayo matatu, watoto watakula kile kile wanachokula leo na bado utabaki na kitu mkononi.

Bei nitakazozitaja ni za mfano wa hesabu. Weka za duka lako na soko lako, kisha upige hesabu upya.

Kwanza, daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wa Eldoret tunaye shahidi wa methali hiyo jirani kabisa. Eliud Kipchoge, aliyekimbia kilomita 42 na ushei kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, amekuwa akiandika kila zoezi lake kwenye madaftari tangu 2003. Kambi yake iko Kaptagat, safari fupi tu kutoka hapa mjini. Mtu mwenye uwezo wa kuajiri makarani kumi bado anaandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu kumbukumbu ya kichwani humpendelea mwenyewe.

Pesa za nyumba zinataka nidhamu hiyo hiyo. Nunua daftari la kawaida la shule, lichore safu nne: tarehe, kitu, kipimo na bei. Safu ya kipimo ndiyo watu wengi huiacha, na ndiyo yenye siri yote. Ukiandika "mafuta, 20" hujajifunza kitu. Ukiandika "mafuta, mililita 50, shilingi 20", tayari umejua kwamba lita moja inakugharimu shilingi 400. Andika kwa siku thelathini bila kumkata mtu chochote na bila kumgombeza yeyote. Mwezi huo wa kwanza ni wa kutazama tu. Ukianza na ugomvi, watu watakuficha matumizi yao, na daftari litasema uongo.

Kwa walioajiriwa, ukurasa wa kwanza uwe wa makato. Asilimia 1.5 ya mshahara mzima inakwenda kwenye tozo ya nyumba, na tangu Oktoba 2024 asilimia 2.75 inakwenda kwenye bima ya afya ya jamii. Hayo huna uwezo wa kuyabana. Kuyaandika kunakusaidia kupanga kwa pesa inayofika mkononi badala ya ile iliyoandikwa kwenye barua ya kazi.

Kadogo ni ghali

Mwaka 1963 mwanasosholojia David Caplovitz alichapisha nchini Marekani kitabu kuhusu familia za kipato cha chini jijini New York. Alionyesha kwamba maskini hulipa zaidi ya tajiri kwa bidhaa ile ile, kwa sababu hununua kwa mkopo na kwenye maduka ya karibu yasiyo na ushindani. Sisi tunaijua hali hiyo kwa jina letu: kadogo.

Kadogo ilizaliwa kwa huruma. Mtu anayelipwa kwa siku hawezi kununua lita nzima, na mwenye duka akampimia anachoweza. Lakini kupima kunataka kazi, kifungashio na faida kwa kila kipimo, na mnunuzi ndiye anayevilipia vyote. Chukua mafuta ya mtoto wetu: shilingi 20 kwa mililita 50 ni shilingi 400 kwa lita, wakati chupa ya lita ni shilingi 300. Sukari ya robo kwa shilingi 45 inafanya kilo kuwa shilingi 180, wakati pakiti ya kilo ni shilingi 150. Nyumba inayotumia lita moja na nusu ya mafuta na kilo 5 za sukari kwa mwezi inapoteza shilingi 300 kwa vitu hivi viwili pekee. Bado hujafika kwenye majani ya chai, sabuni na chumvi.

Najua jibu lako, kwa maana nimelisikia mara nyingi: "Ningekuwa na hizo 300 za mara moja, ningekuwa nanunua kadogo?" Ni swali la haki, na dawa yake ni kuanza na kitu kimoja tu.

Zamu yako ya kupokea pesa za chama ikifika, au siku ya malipo, nunua chupa moja ya lita. Kisha ishi kana kwamba hukuinunua: kila siku unapotumia zile mililita 50, tia shilingi 20 kwenye mkebe, kama ambavyo ungempelekea mwenye duka. Lita hiyo itakwisha siku ya ishirini, na mkebe utakuwa na shilingi 400. Nunua chupa nyingine kwa 300, na zile 100 zilizobaki ziwe mwanzo wa kununua sukari ya kilo. Sukari nayo ikijilipa, nenda kwenye sabuni. Hujaongeza mshahara, hujapunguza mafuta kwenye mboga, na kwa vitu hivyo umeshaondoka kwenye kadogo. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba kiwe chako na si cha muuzaji.

Kuna kitu kimoja ambacho hakihitaji mtaji wowote: maziwa. Uasin Gishu ni kaunti ya ng'ombe wa maziwa, na bado nyumba nyingi za mjini hununua pakiti ya nusu lita kila asubuhi. Tuseme pakiti hiyo ni shilingi 60. Lita ni 120. Kwenye mashine ya maziwa au kwa mfugaji unayemfahamu, lita ni shilingi 70. Nyumba ya lita moja kwa siku inaokoa shilingi 1,500 kwa mwezi. Maziwa ya mfugaji yachemshe hadi yatokote kabla ya mtu yeyote kuyaonja, kwa sababu maziwa mabichi yanaweza kubeba brusela na kifua kikuu cha ng'ombe.

Gunia la Novemba

Hapa ndipo mji wetu unaponishangaza zaidi. Tunaishi katikati ya ghala la taifa. Uasin Gishu na jirani yake Trans Nzoia ndizo zinazolisha sehemu kubwa ya Kenya, na kuanzia Oktoba hadi Desemba malori ya mahindi hupita mbele ya milango yetu. Lakini mtu wa Huruma au Kapsoya hununua pakiti ya kilo mbili ya unga kila baada ya siku mbili, mwaka mzima, kana kwamba anaishi jangwani.

Mahindi yana msimu wa bei. Wakati wa mavuno hushuka, kwa sababu wakulima wengi huuza kwa pamoja wakihitaji pesa, hasa karo ya Januari. Kufikia Mei, Juni na Julai, maghala yamepungua na bei imepanda, na mara nyingi mkulima yule yule aliyeuza Novemba anarudi sokoni kununua mahindi. Wachumi Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel walilichunguza jambo hili kwa wakulima wa magharibi mwa Kenya na kuchapisha matokeo yao mwaka 2019. Waliona kwamba mkulima aliyepewa mkopo mdogo wakati wa mavuno aliweza kuyaweka mahindi yake, akauza bei ilipopanda na kupata faida. Mnunuzi wa mjini ana nafasi hiyo hiyo kwa upande wa pili: anunue wakati wengine wanauza.

Tupige hesabu. Familia ya watu watano inayokula kilo moja ya unga kwa siku hutumia kilo 90 kwa miezi mitatu. Kwa pakiti za kilo mbili za shilingi 150, hizo ni pakiti 45, yaani shilingi 6,750. Sasa tuseme gunia la kilo 90 wakati wa mavuno ni shilingi 3,500. Ongeza shilingi 250 za gunia lisilopitisha hewa, 150 za kubebea, na 400 za kusaga gorogoro 40, yaani mikebe ya kupimia, kwa shilingi 10 kila moja. Jumla ni 4,300. Umeokoa shilingi 2,450, zaidi ya 800 kwa kila mwezi, na lile gunia la hifadhi utalitumia tena msimu ujao.

Faida hiyo inapatikana tu kwa anayejua kuhifadhi. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu huleta sumu ya aflatoksini. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 katika eneo la Ukambani. Kwa hiyo hii si hesabu ya pesa peke yake.

Kipimo cha nyumbani ni rahisi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi hadi theluthi yake, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, utikise kwa dakika chache, kisha iache itulie robo saa. Chumvi ikigandamana na kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na hayafai kuhifadhiwa. Chumvi ikianguka chini yote, yako karibu na ukavu unaotakiwa. Kiwango salama ni asilimia 13.5, hivyo yaanike siku moja au mbili zaidi juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo. Chambua punje zilizovunjika na zilizobadilika rangi. Kisha yafunge kwenye gunia lisilopitisha hewa, kaza shingo yake barabara, na uliweke juu ya mbao mbali na ukuta. Humo fukusi na dumuzi, yule tunayemwita osama, hukosa hewa wakafa, bila wewe kunyunyiza dawa yoyote kwenye chakula cha watoto.

Ukinunua kwa gorogoro, geuza mkebe utazame kitako chake. Kitako kilichobonyezwa kuingia ndani kinakuibia punje katika kila kipimo. Gunia la kilo 90 linatakiwa kutoa gorogoro zipatazo 40, na hiyo ndiyo hesabu ya kumkaguzia muuzaji.

Neno moja la haki kwa unga wa pakiti: tangu 2012 sheria inawataka wasagaji wa viwandani kuuongezea vitamini na madini. Unga wa kinu cha mtaani kwa kawaida haujaongezewa, lakini ukisagwa bila kukobolewa hubaki na pumba na kiini chake chenye virutubisho. Uandamane na mboga za majani na maharagwe, na familia haitapungukiwa.

Na asiye na shilingi 4,000 Novemba? Hapo ndipo chama kinapoonyesha thamani yake. Wanachama kumi wakitenga shilingi 100 kila mmoja kwa wiki, kuanzia katikati ya Juni hadi mwanzo wa Novemba, wiki ishirini, watakuwa na shilingi 20,000. Hizo zinatosha magunia matano pamoja na magunia ya hifadhi na usafiri. Kila wanachama wawili wanagawana gunia moja, gorogoro ishirini kwa kila mlango. Chama kinachonunua mahindi kimempa mwanachama wake chakula cha wiki sita, kitu ambacho vyama vya kununuliana vyombo vya udongo na mapazia havikuwahi kumpa.

Moto na umeme kwenye mji wa juu

Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko huo umetusaidia kuwapata wanariadha, lakini jikoni una gharama yake. Hapa maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi za Selsiasi, siyo 100 kama Mombasa. Maharagwe yanayoiva upesi pwani yanachukua muda mrefu zaidi hapa, na kuongeza makaa hakusaidii kitu: maji yanayotokota hayapandi joto hata ukichochea moto vipi, yanakauka tu.

Zipo dawa tatu. Ya kwanza ni kuloweka maharagwe na mahindi ya githeri usiku kucha. Hiyo haina gharama. Ya pili ni sufuria ya presha, ambayo hufungia mvuke ndani na kupandisha joto kupita nyuzi 110, hivyo muda wa kupika hupungua sana. Bei yake inauma, lakini nyumba inayopika githeri au maharagwe mara tatu kwa wiki huirudisha kwa akiba ya gesi au makaa. Ya tatu ni kikapu cha kupikia bila moto: kikapu kilichotandikwa ndani vitambaa vizito au pamba, na mto wa kufunikia. Chemsha wali au githeri iliyolowekwa kwa muda mfupi, ingiza sufuria ikiwa bado inatokota, funika, uende zako. Chakula kinamalizika kuiva kwa joto lake chenyewe. Unaweza kukishona nyumbani kwa matambara.

Kuhusu gesi, kodi ya ongezeko la thamani iliyorudishwa Julai 2021 kwa asilimia 16 ilipunguzwa hadi asilimia 8 mwaka 2022, kisha ikaondolewa Julai 2023. Mtu aliyeikimbia gesi wakati ule aipigie hesabu upya, hasa akiwa ananunua makaa kwa mkebe. Mkebe wa makaa nao ni kadogo.

Upande wa umeme, adui mkubwa wa nyumba za hapa ni shawa ya umeme. Baridi ya Juni hadi Agosti inamfanya kila mtu akae chini yake kwa muda. Tazama: shawa ya wati 5,000 ikifanya kazi dakika kumi hula uniti 0.83. Watu wanne kwa siku ni uniti 3.3, na kwa mwezi ni uniti 100. Shawa peke yake! Sasa kumbuka jinsi viwango vya bei ya umeme vinavyopangwa tangu Aprili 2023: kuna kundi la wanaotumia hadi uniti 30 kwa mwezi, kundi la hadi uniti 100, na kundi la zaidi ya hapo, na kila kundi lina bei yake kwa uniti. Kundi lako hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu. Maana yake, shawa hiyo haikuongezei uniti zake tu. Inakupandisha hadi kundi ambalo hata taa na televisheni vinalipiwa bei ya juu.

Mkioga dakika tano badala ya kumi, mmeokoa uniti 50. Kwa shilingi 30 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, hizo ni shilingi 1,500 kwa mwezi, na mkiendelea kwa miezi mitatu huenda mkashuka kundi. Pasi nayo ipigwe mara moja kwa wiki kwa nguo zote, maana kila inapowashwa upya hula umeme kupata joto. Balbu ya zamani ya wati 60 ibadilishwe na ya LED ya wati 9.

Simu: ada na mikopo

M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilituokoa na safari na hatari. Lakini mazoea yetu ya kuitumia yana kadogo yake. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2023, kutoa kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 2,500 kwa wakala ni shilingi 29. Anayetoa 200 mara tano kwa wiki amelipa 145. Anayetoa 1,000 mara moja amelipa 29. Tofauti ni shilingi 116 kwa wiki, karibu 460 kwa mwezi. Na afadhali zaidi usitoe kabisa: ukimlipa mwenye duka kwa namba ya kulipia bidhaa, wewe mnunuzi hukatwi chochote.

Mikopo ya simu ndiyo inayoniumiza moyo zaidi. Mkopo wa M-Shwari, uliozinduliwa Novemba 2012, una ada ya asilimia 7.5 kwa siku thelathini. Asilimia 7.5 inasikika ndogo. Lakini mtu anayelipa na kukopa tena kila mwezi amelipa asilimia 90 kwa mwaka. Kwa kila shilingi 1,000 anayoizungusha, 900 zimekwenda kwa ada. Sacco nyingi, yaani vyama vya ushirika vya akiba na mikopo, hutoza takriban asilimia 1 kwa mwezi, tena kwa salio linalopungua. Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, hutoza asilimia 8 kwa mwaka. Na ile huduma ya kumalizia malipo salio linapopungua ina ada ya kila siku. Ukiiacha wiki mbili ikila, ada huendelea kujilimbikiza juu ya kile ulichokopa.

Fungua ujumbe wa simu yako wa mwezi uliopita na ujumlishe kila ada na kila riba. Iandike kwenye daftari kwa wino mwekundu. Katika vikundi nilivyokaa navyo, huo ndio mstari unaowanyamazisha watu, kwa sababu ndiyo pesa pekee ya mwezi ambayo haikununua chakula, nguo wala karo.

Kilichookolewa kiwekwe wapi

Pesa iliyookolewa na kuachwa mfukoni haijaokolewa. Jirani atakuja, shemeji atapiga simu, na utaona aibu kumnyima mtu ukiwa nazo. Wachumi Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walilijaribu jambo hili kwa wanachama wa vyama vya mzunguko huku magharibi mwa Kenya, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2013. Watu walipopewa mahali salama pa kuweka pesa, kisanduku cha kawaida tu, akiba yao kwa ajili ya afya ilipanda kwa asilimia 66. Hawakuongezewa kipato. Na pale kikundi kilipoweka akiba kwa pamoja, matokeo yalikuwa makubwa sana.

Kwa hiyo panga tabaka tatu. Mkebe wa nyumbani uwe wa mafuta na sukari. Chama kiwe cha gunia na karo. Sacco iliyosajiliwa na kusimamiwa kwa sheria iwe ya mambo ya miaka, kwa sababu akiba humo hukupa haki ya kukopa hadi mara tatu yake kwa riba ya haki.

Visivyoguswa

Kuna vitu ambavyo kuvikata ni hasara. Usikate maziwa na mayai ya watoto. Usikate mchango wa bima ya afya, kwani usiku mmoja wa kulazwa unaweza kumeza akiba ya miaka miwili. Usikate ada ya maji ukarudi kununua kwa mtungi, maana mtungi ni kadogo ya maji. Wala usikate mchango wa mazishi na harusi za jirani. Huo ndio ulinzi wako siku ya shida. Weka kiwango chake kwa mwezi, ukiandike, usikivuke.

Jumlisha sasa. Unga shilingi 800, maziwa 1,500, mafuta na sukari 300, ada za kutoa pesa 460. Ni zaidi ya shilingi 3,000 kwa mwezi, bila kuhesabu shawa wala mikopo, na hakuna aliyelala njaa. Nyumba iliyoanza Novemba itakuwa na zaidi ya shilingi 9,000 mwishoni mwa Januari: magunia mawili mengine ya mahindi, au sehemu nzuri ya karo ambayo haitatoka kwenye simu.

Mji huu tuliozoea kuuita Sitini na Nne ulipewa hadhi ya jiji Agosti 2024. Jiji huja na kodi za juu na nauli za juu. Nakuomba, msomaji, usingojee mwaka mpya. Kesho asubuhi, kabla hujamtuma mtoto dukani na sarafu na chupa, nunua daftari, na kwenye mstari wa kwanza andika kipimo.